Kura za Benki ya Wakulima

Jumamosi tarehe 18 Aprili 1998, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Arlene Sundby alifungua mlango wa nyuma wa Benki ya Wakulima ya Tverdal, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko kaskazini, akavua mabuti yake yaliyojaa tope kama afanyavyo kila aingiaye mle, akaingia chumba cha kahawa kwa soksi. Kabati la ukutani lilikuwa wazi. Kitasa chake kilikuwa kinaning'inia, dirisha la nyuma lilikuwa limevunjwa, na boksi la kura halikuwepo.

Arlene alikuwa keshia mkuu wa benki ile, na katika miaka yake sitini na mmoja hakuna aliyewahi kumsikia akipiga yowe. Alirudi nyuma hatua tatu, akavaa mabuti, akavuka uchochoro wa nyuma na kupiga simu kutoka duka la dawa ili asiguse kitu. Alimpigia kwanza Marlys Haugen, mpelelezi wa polisi wa wilaya, kisha ndipo akampigia Bwana Orrin Bakke, mwenyekiti wa benki.

Marlys alifika saa mbili kasoro dakika tano, nywele bado mbichi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mzaliwa wa mji huohuo, na alijua vizuri kilichokuwa ndani ya boksi lile. Saa nane mchana wenye hisa walikuwa wakutane katika ukumbi wa shule kuamua kama benki iuzwe au isiuzwe. Mnunuzi alikuwa benki kubwa ya Carolina, mwendo wa siku mbili kwa gari. Benki hiyo ilikwisha kuimeza benki ya mji jirani, na leo pale kwa jirani pamebaki mashine ya kutolea pesa ukutani na namba ya simu inayoimba muziki.

Watu wa Tverdal si kwamba waliiona benki yao kuwa malaika. Benki ni benki. Lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mzee asipotokea Ijumaa kuchukua pensheni yake, Arlene humpigia simu, na simu isipopokewa huenda mwenyewe kugonga mlango. Na kila Aprili, kabla ya kutoa mkopo wa mbegu, Bwana Bakke huenda shambani kwa miguu, akainama, akaushika udongo. Dale, kaka yake Marlys, alikuwa amevuna ngano yenye ugonjwa misimu mitatu mfululizo katika shamba la baba yao. Mashine ya Carolina ingeyasoma matokeo ya misimu mitatu ikafunga faili. Mtu aliyemjua baba yake Dale angeweza walau kufikiria mara mbili, na hilo ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo Marlys.

Sheria ya benki, iliyoandikwa 1911, ilitaka theluthi mbili ya hisa za waliofika na za waliotuma kura kwa bahasha, ndipo benki iuzwe. Wenye hisa nyingi walikuwa wachache, na wangefika wenyewe. Wenye hisa kiduchu ndio waliojaa: wazee wa nyumba ya kutunzia wazee, waliokimbilia Arizona kuikwepa baridi, watoto wa mji waliohamia mbali. Hao wote walikuwa ndani ya bahasha mia nne na kumi na mbili. Bahasha zisipopatikana kabla ya saa nane, wakubwa wangeamua, na wakubwa walitaka kuuza.

"Nani alikuwa wa mwisho kutoka?" Marlys aliuliza.

"Mimi. Saa kumi na moja na nusu jioni. Tulikuwa wanne tukipanga bahasha, mimi na kina mama watatu wa kanisani. Bwana Bakke aliondoka saa tisa, akasema anakwenda nyumbani kuandika hotuba."

"Mbona boksi hamkuliweka kwenye hazina?"

"Mlango wa hazina una saa yake. Ukiufunga Ijumaa haufunguki mpaka Jumatatu, hata ulie machozi ya damu. Tungefanyaje mkutano?"

Marlys alizunguka chumba. Kitasa kilikuwa kimekongolewa kwa bisibisi. Vipande vya kioo vilikuwa sakafuni, chini ya dirisha, na sakafu yenyewe ilikuwa safi kabisa. Alichungulia nje. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki ile, na tope la uchochoroni lingemfika mtu kwenye vifundo vya miguu. Aliandika: *kioo ndani, tope hakuna*.

Kisha akaiona trei ya keki mezani, imefunikwa foili.

"Hii yako?"

"Yangu. Niliitoa kwenye gari saa kumi, kina mama walipokuja."

"Ya ndimu."

"Miaka ishirini na sita ni ya ndimu. Jana sokoni ndimu hazikuwepo, nikafanya ya tende. Usinicheke."

"Sicheki. Ilibaki kiasi gani?"

"Kipande kimoja. Unatujua. Huyu anasema kula wewe, yule anasema aa, mimi nimeshiba. Mwisho tukakifunika tukaenda zetu."

Marlys alifunua foili kwa ncha ya kalamu. Ndani palikuwa na nusu kipande. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu, mkato ulionyooka, na nusu ya pili haikuwepo. Kisu chenyewe kilikuwa kando ya sinki, kimeoshwa, kimelazwa juu ya kitambaa kikauke.

"Kisu ulikiosha wewe?"

"Nilikiacha humo kwenye trei, kinanata." Arlene alikitazama kisu, kisha akamtazama Marlys. "Marlys. Mwizi wa kuvunja dirisha anaosha kisu?"

"Usimwambie mtu yeyote habari ya keki," Marlys akasema. "Hata mumeo."

Mkabala na uchochoro, juu ya duka la dawa, aliishi Bibi Inga Moen, mwenye miaka themanini na minane na masikio ya sungura. Alikuwa amesikia kioo kikivunjika.

"Saa ngapi, bibi?"

"Habari za hali ya hewa ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nikasema watoto wa watu na mipira yao. Baadaye kidogo nikachungulia, nikamwona yule bwana wa Carolina anapita uchochoroni na viatu vyake vya harusi."

"Amebeba kitu?"

"Mikono mfukoni. Alikuwa anarukaruka madimbwi kama kuku."

"Uliona gari lolote geni?"

"Geni? Hapana. Gari geni halikuwepo."

Marlys akaandika na hilo pia.

Habari ilikuwa imemtangulia. Saa tatu kasoro robo alipoingia mkahawani, watu kama ishirini walikuwa wameizunguka meza ya Preston Whitlock, mjumbe wa benki ya Carolina, naye ameinamia mayai yake kama mtu aliyekaa kwenye mvua bila mwavuli. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, tai imenyooka, viatu vimetapakaa tope mpaka kwenye kamba, na nyayo zake zilitoka mlangoni hadi mezani.

"Mkamate, Marlys," alisema mzee mmoja. "Bibi Inga kamwona kwa macho yake."

"Mgeni njoo mwenyeji apone, eti," akadakia mwingine. "Huyu kaja tufe."

Marlys alivuta kiti, akakaa mbele ya Whitlock. Mhudumu akaleta kahawa na sahani ya donati, na kwa kuwa asubuhi ilikuwa imekwenda, sahani ilikuwa na donati moja tu. Akaiweka katikati yao.

"Jana saa kumi na mbili na nusu ulikuwa nyuma ya benki," Marlys alisema.

"Nilikuwa nyuma ya kila kitu, bibie. Nilitoka gesti kutafuta chakula. Mkahawa umefungwa, watu wote mko kanisani mnakula samaki, na hakuna aliyeniambia. Nimezunguka mji mzima, na mji mzima ni dakika tisa."

"Uliingia benki?"

"Kufanya nini?"

"Kuchukua boksi la watu wanaokukataa."

Whitlock aliweka uma chini. "Mimi ni mtu wa benki. Nikitaka kuchukua kitu cha mtu situmii bisibisi, natumia mkataba." Alisema bila hasira, na alipokuwa anasema, mkono wake ulikwenda kwenye sahani, ukaichukua ile donati ya mwisho nzima nzima, ukaipeleka mdomoni. Akaimega, akatafuna, akaendelea kuongea. "Ofa yetu inakwisha leo saa kumi na moja jioni. Mkikataa nitarudi kwetu kuoga maji ya moto. Gestini kwenu hayapo."

Mkahawa mzima uligeuka ukaitazama sahani tupu. Mhudumu alisimama na birika mkononi. Katika maisha yao yote watu wale walikuwa wakiona kipande cha mwisho kikikatwa nusu, na nusu ya nusu, na robo ya robo, mpaka kibaki chembe ambayo mwenye nyumba huila jikoni kwa siri. Kuchukua chote, tena bila hata kuuliza, ni jambo ambalo mtoto wa Tverdal hufinywa kwalo akiwa na miaka mitatu.

Marlys alifunga daftari lake.

"Siye huyu," akasema.

"Siye vipi? Marlys, wewe uko upande gani?"

Akasimama, akageuka awatazame wote. "Nimesema siye. Benki yake siitaki, na saa nane nitamwambia hivyo mbele yenu. Lakini sitamfunga pingu mtu kwa kuwa simpendi. Anayetaka kubishana aje ofisini Jumatatu."

Alitoka nje haraka, kwa sababu alikuwa amejua jambo ambalo hakutaka kulijua. Mgeni angekula kipande kizima, angeacha kisu kinanata, na angeingia na tope lake mpaka kabatini. Aliyeiba kura alikuwa ameingia mlangoni kwa ufunguo au kwa kufunguliwa, akavua viatu, akala nusu, akaosha alichokichafua, kisha wakati wa kutoka akavunja dirisha ili aonekane mwizi. Alikuwa mtu wa hapa, amelelewa vizuri.

Saa nne na robo alikuwa jikoni kwa Orrin Bakke. Mzee huyo wa miaka sitini na minane, aliyefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita, alikuwa amevaa suti tayari kwa mkutano na miguuni soksi za sufu. Alimmiminia kahawa.

Kwa Marlys, nyumba ile haikuwa ya kuingia na daftari mkononi. Mwaka 1985, benki zilipokuwa zikinadi mashamba kila wiki, Bakke alikuja kwao na viatu vya ofisini, akatembea na baba yake mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Hakuna aliyesikia walichosema. Baba aliingia ndani, akakaa, akasema, "Tunabaki." Marlys alikuwa amelisikia neno lile kwa masikio yake.

"Ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani?" aliuliza.

"Mimi, Arlene, na wasafishaji. Na Curt Rasmusson, bado hajarudisha ule wa alipokuwa mkurugenzi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, na hotuba. Peke yangu. Siku hizi ni peke yangu tu, Marlys."

"Utaahirisha mkutano? Mwenyekiti ana uwezo huo."

Bakke alitazama dirishani. "Ofa yao inakwisha leo. Na watu wametoka mbali. Sidhani kama itakuwa haki kwa waliokuja."

"Na haki ya waliotuma bahasha?"

"Ni jambo la kusikitisha sana," alisema, na kweli alionekana amesikitika. Alimsogezea kikombe. "Samahani, kahawa kavu. Ingependeza na ile keki ya tende ya Arlene, lakini ndiyo hivyo, nyumba isiyo na mwanamke."

Marlys alimshukuru, akanywa, akaenda zake. Alikuwa na haraka, na alikuwa anampenda mzee yule, na vitu hivyo viwili vilitosha kumziba masikio.

Curt Rasmusson alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na hisa nyingi kuliko mtu yeyote ukimtoa Bakke. Yeye hakuwahi kuficha anachotaka, na kwa sababu hiyo nusu ya mji haikumsalimia.

"Afande," alisema alipomwona, "nilikuwa nakungoja. Mimi ndiye mwenye tamaa, si ndiyo? Nataka kuuza, nipate changu, ninunue mashua. Nimesema kanisani, nimesema kinyozini. Mtu akitaka kuiba atatangaza hivyo?"

"Jana saa kumi na mbili na dakika ishirini?"

"Nilikuwa kwenye boli, ule mchezo wa kuviringisha mpira uangushe pini, timu nne, watu ishirini. Tangu saa kumi na mbili kamili. Tena nilishinda, waulize, wameshanuna. Ufunguo huu hapa, uchukue, nilishausahau."

Marlys aliuchukua. Ulikuwa na kutu ya mwaka mzima. "Mwizi alikaa mle muda," alisema, akimtazama machoni. "Alijikatia na keki ya Arlene."

Curt alicheka mpaka akashika kaunta. "Basi una jibu lako. Ile ndimu yake inakunja uso mpaka Krismasi. Miaka yote naikimbia. Tafuta mtu aliyekunja uso."

Marlys hakucheka. Alibaki amesimama na ufunguo mkononi.

"Ndimu," alisema.

"Si ndimu? Lini Arlene akapika kitu kingine?"

Jana. Jana tu, mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Trei ilitoka kwenye gari saa kumi, na mtu aliyeondoka saa tisa hakuiona. Kina mama walikula, wakafunika, wakaondoka, na mtu huyo alisema alikaa peke yake jioni nzima. Arlene alikuwa ameambiwa asiseme, na Arlene hasemi. Mji mzima, ukiulizwa, ungejibu kama Curt. Ni mtu mmoja tu asubuhi ile aliyetaja tende, tena kwa upole, akiomba radhi kwa kahawa kavu.

Saa saba kasoro dakika ishirini alirudi kwa Bakke. Mzee alikuwa bado jikoni, hotuba mbele yake. Marlys alivua mabuti mlangoni, akaingia, na safari hii hakukaa.

"Bwana Bakke, keki ya Arlene ilikuwa ya nini?"

"Ya..." Akanyamaza. Kisha akafumba macho taratibu. "Nilikuambia mwenyewe."

"Uliniambia mwenyewe. Zipo wapi?"

"Karakana. Kwenye friza, chini ya nyama ya paa."

"Zote?"

"Zote. Nilikusudia kuzichoma. Ya juu kabisa ilikuwa ya mzee Hjalmar Lie wa nyumba ya wazee, mwandiko unatetemeka, ameandika jina mara mbili. Sikuweza."

Marlys alikwenda karakana, akatoa mafurushi ya nyama, akaliona boksi, limeshaanza kuota barafu pembeni. Alilibeba mpaka mezani, akalitua juu ya hotuba.

"Uliingia saa ngapi?"

"Arlene alipokata kona tu. Nilifungua kabati, nikatoa boksi, nikakaa nalo. Karibu saa nzima. Sikuwa nimekula tangu asubuhi." Alitabasamu kwa aibu. "Dirisha nililivunja mwisho kabisa. Na nilinyoosha mkono kupitia mlangoni nikalipiga kutokea nje, nisikanyage tope. Mwizi gani mimi."

"Walikuahidi nini hao wa Carolina?"

"Hakuna zaidi ya wanachompa kila mwenye hisa. Yule kijana hajui lolote."

"Basi kwa nini? Wewe, kuliko watu wote?"

Bakke aliweka kiganja juu ya boksi.

"Mwaka themanini na tano niliokoa shamba la baba yako. Mnalisema kila mara, na kila mara mnaponipa mkono kanisani naitikia. Wiki ileile nilichukua la Elmer Lindahl. Nilikuwa na uwezo wa kubeba moja. Lindahl alinishukuru, akanisindikiza mpaka garini, na Jumapili yake mkewe akamkuta ghalani amening'inia. Hilo hamlisemi."

Marlys alikuwa amelisahau, au alijifanya amelisahau kama watu wote.

"Mwaka huu ni mbaya kuliko ule," Bakke aliendelea. "Ngano imeoza, bei imekufa. Wakaguzi wananitaka nibadili kompyuta zote kabla ya mwaka elfu mbili, zisije zikachanganya tarehe. Mwanangu kakataa kurudi. Nina familia kumi na moja nitakazoziambia hapana kabla ya majira ya mbegu kwisha. Nilitaka aseme mtu mwingine, mtu asiyewajua. Abonyeze kitufe Carolina, na mimi nibaki yule mzee wenu mwema."

"Mmoja wa hao kumi na mmoja ni Dale."

"Ndiyo, Marlys. Dale yumo."

Basi lile tumaini lake lilikuwa hewa tupu tangu mwanzo. Benki ibaki, iuzwe, Dale alikuwa amekwisha kuhesabiwa. Marlys alishikwa na hasira, na hasira ile ikamnyoosha mgongo.

"Ungeweza kusimama ukasema unataka kuuza. Curt anasema, na hajafa."

"Mimi si Curt. Mimi hapa siwezi hata kuomba chumvi."

"Basi leo utajifunza. Unadhani tunaipenda benki yako kwa kuwa inatukubalia? Baba yangu alikataliwa na watu wengi. Sisi tunataka anayetukataa aje jikoni kwetu, anywe kahawa yetu, atuangalie usoni. Atujue majina wakati anatuumiza. Hicho ndicho ulichokuwa unakiuza, Bwana Bakke, na hakikuwa chako peke yako."

Mzee aliangalia soksi zake za sufu.

"Vaa viatu," Marlys alisema. "Boksi utalibeba mwenyewe, kwa mlango wa mbele. Utawaambia ulilolifanya. Ukimaliza nitakupeleka kituoni. Na Dale atakuwa pale mlangoni. Kama jibu lake unalo, utampa kwanza."

Saa nane kasoro dakika tano, ukumbi wa shule ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Dale Haugen alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya kampuni ya mbegu kichwani, akimtafuta dada yake kwa macho. Alimwona akija, na mbele yake Bwana Bakke amekumbatia boksi linalodondosha maji.

"Limepatikana!" mtu akasema, na watu wakaanza kupiga makofi. Bakke alitikisa kichwa wanyamaze. Akasimama mbele ya Dale.

"Dale," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka ndani. "Nilitembelea shamba lako wiki iliyopita ulipokuwa mjini. Udongo mzuri, umeutunza. Lakini kwa ngano ile, mkopo wa mwaka huu siwezi kukupa. Nilipaswa kuja kwako kukuambia. Nakuambia hapa."

Watu wa karibu waliangalia viatu vyao. Dale akavua kofia.

"Nimesikia," alisema. "Asante kwa kuja mwenyewe."

Bakke alipanda jukwaani, akaweka boksi mezani, na kwa maneno yasiyozidi kumi na mawili akaueleza mji wake kuwa aliyeiba ni yeye. Hakuna aliyezomea. Arlene alichukua kiti cha mwenyekiti kwa kuwa hakuna mwingine aliyenyanyuka, akafuta bahasha kwa taulo, akaanza kuzifungua moja moja. Kina mama wa kanisani walihesabu ubaoni. Preston Whitlock alikaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu, na ubao ulivyozidi kujaa mguu ule ukashuka. Bahasha ya mwisho ilipofunguliwa, waliokataa kuuza walikuwa wamebakiza hisa arobaini tu kuvuka theluthi moja, na theluthi moja ikivukwa, benki haiuziki.

"Sasa waliopo," Arlene alisema. "Kwa mpangilio wa daftari la 1911, kwa sauti. Namba moja. Bakke."

Mzee alikuwa amekaa kando ya Marlys, karibu na mlango. Alisimama. Ilimchukua muda, kama mtu anayenyanyua gunia.

"Ndiyo," alisema. "Nataka kuuza."

Mnong'ono ukapita ukumbini, si wa chuki. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akisema anachokitaka. Arlene aliandika.

"Namba mbili. Haugen. Dale, hisa sitini."

Marlys hakuthubutu kumtazama kaka yake. Mtu aliyenyimwa mkopo wa mbegu mchana uleule hakuwa na deni kwa benki ile, wala kwa mji ule. Hisa sitini kwa bei ya Carolina zingemlipia walau msimu mmoja wa kujishikiza, na kila mtu mle ndani alijua hivyo.

Dale alisimama, akavaa kofia yake, akamtazama Whitlock, kisha Bwana Bakke, kisha ubao.

"Hapana," alisema, kwa sauti ileile anayoitia ng'ombe kutoka upande wa pili wa shamba.